Petroli imepanda tena: maswali ya madereva wa bodaboda, bajaji na teksi, na majibu yake

Maswali haya ndiyo yanayozunguka vijiweni Dar es Salaam kila bei mpya inapotangazwa. Naendesha bajaji, kwa hiyo mifano mingi ni ya bajaji, lakini hesabu ni zilezile kwa bodaboda, kwa IST ya teksi na hata kwa Hiace. Katika mifano nimetumia bei mbili tu: lita moja shilingi 2,800 na lita moja shilingi 3,200. Wewe weka bei ya sheli ya kwenu.

Nani anapanga bei ya mafuta?

Kwa Tanzania Bara ni EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hiyo huanza kutumika saa 6:01 usiku. Bei kikomo ni dari. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, hakiruhusiwi kuuza juu yake. Ndiyo maana barabara moja unaweza kukuta sheli mbili zimepishana shilingi ishirini au thelathini kwa lita, na zote ziko ndani ya sheria.

Kujua bei ya wilaya yako huhitaji kumuuliza mtu. Piga *152*00# halafu fuata maelekezo, ni bure. Zanzibar ina mamlaka yake, ZURA, na bei zake hutangazwa peke yake, kwa hiyo usilinganishe tangazo la Unguja na la Dar ukadhani kuna anayedanganya.

Redioni wamesema mafuta yameshuka duniani. Mbona sheli bado bei ni ileile?

Kwa sababu mafuta unayowekewa leo yalinunuliwa zamani kidogo. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja kupitia wakala wa serikali, PBPA. Zabuni inatangazwa, meli inapakia, inasafiri, inasubiri kushusha Dar, Tanga au Mtwara. Bei ya pampu hufuata bei ya mzigo ule, si bei iliyotajwa kwenye taarifa ya habari jana. Kwa kawaida habari ya dunia hukufikia baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Ucheleweshaji huu hufanya kazi pande zote mbili: Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Machi pipa moja la mafuta ghafi lilikuwa tayari limepita dola 120, lakini maumivu makubwa kwetu yalikuja Mei na kuendelea.

Jambo la pili ni dola. Mafuta hulipwa kwa dola, na shilingi ikilegea unalipa zaidi hata kama pipa halijapanda hata senti. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mwaka huohuo wa 2023 dola zenyewe ziliadimika, waagizaji wakahangaika kuzipata, na kuna mikoa ilikaukiwa mafuta kwa siku kadhaa. Saudi Arabia na wenzake wa OPEC+, kundi la nchi zinazouza mafuta nje, walikuwa wamepunguza uzalishaji, na Septemba Urusi ikazuia kwa muda kuuza dizeli nje. Oktoba 2023 petroli Dar es Salaam ikafika shilingi 3,281 kwa lita. Ukiona bei imeruka, tafuta yote mawili, pipa na dola. Mara nyingi yanakuja pamoja.

Kodi inachangia kiasi gani?

Sana. Kuna ushuru wa bidhaa, kuna ushuru wa barabara, kuna tozo ambayo husaidia umeme vijijini. Bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ya 2023/24 ikaongeza 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa ya taifa.

Tozo hizi hupangwa kwa shilingi kamili kwa lita. Pipa likishuka bei, zenyewe hazishuki. Kwa hiyo mafuta yakianguka kwa asilimia ishirini huko Ghuba, usitegemee asilimia ishirini kwenye pampu, kwa sababu sehemu kubwa ya bei yako haikuhusiana na pipa tangu mwanzo. Mimi sipingi barabara. Nataka tu dereva ajue kwamba kila lita anayoweka amelipia barabara, na ana haki ya kuuliza shimo la mtaani kwake linazibwa lini.

Mbona Kigoma na Kagera wanalipa zaidi ya sisi wa Dar?

Umbali. Lori linatoka bandarini, na gharama ya safari inaongezwa kwenye lita. Kwa mikoa ya mbali kama Kagera na Kigoma tofauti na Dar huzidi shilingi 200. Arusha, Kilimanjaro na Manyara hutegemea Tanga. Lindi na Ruvuma hutegemea Mtwara. Meli isipotia nanga Mtwara, mafuta yao yanatoka Dar kwa barabara, na bei yao inapanda kwa hilo peke yake.

Serikali iliwahi kuweka ruzuku. Kwa nini isiweke tena?

Iliweka shilingi bilioni 100 kwa mwezi, kuanzia Juni 2022. Mwezi huo petroli Dar ilikuwa 2,994. Bila ruzuku ingekuwa 3,301. Tuliiona tofauti. Lakini Agosti, ruzuku ikiwa bado ipo, bei ilifika 3,410, kwa sababu dunia ilikuwa imeizidi nguvu. Na ruzuku ya lita humfaidi zaidi anayetumia lita nyingi: mwenye gari kubwa la V8 alisaidiwa kuliko mwenye pikipiki ya Boxer. Ikirudi nitaipokea kwa mikono miwili, lakini sitapanga maisha yangu juu yake.

Kenya nako bei hupangwa hivihivi?

Karibu. Kwao ni EPRA, na tangazo hutoka tarehe 14 ya kila mwezi, likaanza kutumika tarehe 15. Tofauti kubwa ni kwamba mafuta yao hutozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na Julai 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo petroli Nairobi ilifika shilingi za Kenya 217.36 kwa lita. Julai 2024 tozo ya kutunza barabara nayo ilitoka shilingi 18 hadi 25. Kwa hiyo mwenzako wa Namanga ya Kenya akivuka kuja upande wetu kuweka mafuta, ana sababu.

Nitajuaje chombo changu kinakula mafuta kiasi gani?

Hapa ndipo pa kuanzia, na madereva wengi hatuanzii hapa. Ukimuuliza dereva anatumia mafuta kiasi gani atakwambia "ya elfu kumi na tano kwa siku". Hiyo ni hela, si mafuta. Bei ikibadilika, jibu lake limekufa.

Fanya hivi. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Fanya kazi kama kawaida siku mbili tatu, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ikate. Lita ulizoongeza ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Kama mita ya kilomita imekufa, na bodaboda nyingi imekufa, itengeneze kwanza, au tumia ramani ya simu kupima ruti zako. Bila hiyo unakisia.

Tuseme bajaji yako inatembea kilomita 25 kwa lita, na kwa siku unapiga kilomita 120. Hiyo ni lita 4.8. Kwa bei ya 2,800 unatumia shilingi 13,440. Kwa bei ya 3,200 unatumia 15,360. Tofauti ni 1,920 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi inakaribia elfu hamsini, kodi ya chumba kwa wengi wetu. Kwa bodaboda ya kilomita 40 kwa lita inayopiga kilomita 100, ni lita mbili na nusu, na tofauti ni buku moja kwa siku.

Halafu andika jambo la pili, kilomita tupu. Hizi ni zile ulizotembea bila abiria: kurudi kijiweni, kwenda kumchukua mtu wa mbali, kuzungukazunguka kutafuta kichwa. Mafuta yakiwa bei juu, kilomita tupu ndizo za kwanza kupunguza, maana hazikuingizii hata mia. Dereva anayemshusha abiria Kimara akasubiri palepale dakika kumi apate wa kurudi naye, mara nyingi anamshinda anayegeuza haraka na kurudi mtupu Ubungo.

Tajiri, yaani mwenye chombo, hataki kupunguza hesabu ninayompelekea kila siku. Nifanyeje?

Katika ukurasa huu wote, hili ndilo swali ninalolijali zaidi.

Angalia mambo yalivyo. Bajaji ina hesabu ya shilingi 20,000 kwa siku. Umeingiza 45,000. Mafuta yakiwa 2,800, ukitoa hesabu na mafuta unabaki na 11,560. Yakiwa 3,200 unabaki na 9,640. Mafuta yamepanda kwa asilimia 14, wewe umepoteza karibu moja ya sita ya kipato chako, na tajiri hajapoteza kitu. Hesabu yake ni elfu ishirini ileile. Mshtuko wote wa vita vya Ukraine, wa dola na wa tozo umeishia kwa mtu mmoja, asiyemiliki hata tairi ya chombo.

Sisemi matajiri ni watu wabaya. Wengi ni walimu, manesi, wastaafu waliokopa kununua bajaji moja, nao wana marejesho. Tatizo ni kwamba mkataba wetu wa mdomo uliwekwa siku mafuta yalipokuwa bei fulani, na hakuna aliyeandika bei hiyo.

Kwa hiyo iandike. Pendekeza hesabu inayofuata mafuta. Mnakubaliana bei ya msingi, tuseme 2,800. Kila shilingi 100 inayoongezeka juu yake, kwa bajaji yako ya lita 4.8 mafuta yanakuongezea 480 kwa siku. Gawaneni karibu nusu kwa nusu: hesabu ipungue 250. Bei ikifika 3,200, hesabu inakuwa 19,000, nawe unabeba kilichobaki. Na bei ikishuka chini ya msingi, hesabu inapanda kwa kipimo kilekile. Sehemu hiyo ya mwisho usiiache, ndiyo itakayomfanya akuamini.

Namna ya kulisema ina uzito. Usilianzishe jioni unapopeleka hesabu pungufu, ataona unatafuta kisingizio. Nenda asubuhi ya Jumapili na daftari lako. "Shikamoo mzee. Nimekuja na karatasi ya mafuta ya mwezi mzima, naomba tuitazame pamoja." Mwonyeshe kilomita, lita, risiti. Tajiri aliyezoea kusikia "mafuta yamepanda bosi" kila siku hana la kushika. Akipewa daftari lenye namba, anakaa chini.

Kama chombo ni cha mkataba, yaani ukimaliza malipo kinakuwa chako, njia ni nyingine: omba kiasi cha siku kipungue na idadi ya siku iongezeke. Yeye anapata hela yake yote, wewe unapata pumzi.

Akikataa kabisa? Jua gharama yako, ujue siku ambayo kuendesha ni kumfanyia kazi yeye peke yake. Kuna madereva wameamua kurudi kuwa deiwaka, wa kushika chombo cha mwingine kwa siku, siku za biashara nzuri tu, Ijumaa hadi Jumatatu, na wana ahueni kuliko walipokuwa na chombo wiki nzima.

Naruhusiwa kupandisha nauli mwenyewe?

Daladala hapana. Nauli zake hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu: Mei 2022 safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 400 kwenda 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Ukiongeza jero yako kichwani, ni kosa.

Bodaboda na bajaji za kukodi nauli ni maelewano. Ushauri wangu ni kwamba kijiwe kikubaliane pamoja, kwa ruti, na bei itajwe kabla abiria hajapanda. Ruti ya buku ikiwa buku na mia mbili, mweleze sababu kwa upole. Abiria naye amepanda daladala asubuhi, anajua. Kinachomuudhi ni kutajiwa bei moja kituoni na nyingine akishuka.

Mimi nafanya kazi za app. Bei inapangwa na app, nami nafanya nini?

Hali yenu ni ngumu kwa sababu mmebanwa pande tatu: mafuta, kamisheni na nauli isiyo yenu. Mzozo huu ulifika mbali. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma Tanzania baada ya LATRA kupunguza kamisheni, ikarudi Januari 2023 kamisheni iliporuhusiwa kufika asilimia 25.

Kwa dereva, kipimo ni kilomita zote za safari, pamoja na za kumfuata mteja. Safari ya kilomita 4 unayoifuata kilomita 3 ni safari ya kilomita 7. Gawanya kile kinachobaki baada ya kamisheni kwa saba, ukilinganishe na gharama yako ya mafuta kwa kilomita. Utazikuta safari unazolipia mwenyewe. Hizo zikatae kabla hujazikubali, usizikubali halafu ukampigia mteja simu "unaenda wapi, unalipa keshi?" na kukata. Mteja aliyekatiwa mara tatu anarudi kwenye daladala, na tumempoteza sote.

Nijaze tanki Jumanne usiku kabla bei haijapanda?

Kama hela ipo na tetesi ni za kupanda, jaza tanki, hakuna ubaya. Lakini jua unachookoa. Tanki la bodaboda la lita 11, bei ikipanda 100, umeokoa 1,100 mara moja kwa mwezi. Hiyo haistahili foleni ya saa mbili.

Kuhifadhi petroli nyumbani kwenye madumu sikubaliani nako hata kidogo. Mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko la mkaa chumba cha pili. Nyumba zetu za kupanga zina watoto.

Na lile la "weka asubuhi mafuta yakiwa baridi upate mengi" halina faida. Matanki ya sheli yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana.

Kuteremka na gia huru kunaokoa mafuta?

Hapana, na kunaua. Gari la EFI, yaani linalopimiwa mafuta na kompyuta badala ya kabureta, ukiachia pedali ya mafuta huku likiwa kwenye gia, kompyuta hukata mafuta na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inahitaji mafuta yake ya kuunguruma. Umetumia zaidi.

Kwa malori ni balaa. Gia huru inaondoa nguvu ya injini ya kuzuia mwendo, breki zinabeba mzigo wote, zinachemka, zinakataa. Anayepita Kitonga, au miteremko ya Mbeya kuanzia Mlima Nyoka hadi Iwambi, anajua mabaki ya magari aliyoyaona chini kule. Teremka na gia ambayo ungepandia.

Ni matengenezo gani yanapunguza ulaji wa mafuta kweli?

Anza na upepo. Tairi laini linavuta chombo, na upepo ni wa bei rahisi kuliko kitu chochote kilichomo kwenye orodha hii. Pima tairi zikiwa baridi, asubuhi.

Kisha fungua plagi, kwa pikipiki au bajaji ni kazi ya dakika mbili. Itazame ncha. Ikiwa ya kahawia iliyofifia, mchanganyiko wa mafuta na hewa uko sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa: ama kichujio cha hewa kimejaa vumbi, ama kabureta imefunguliwa kupita kiasi. Ikiwa nyeusi na yenye utando wa oili, ringi zimechoka, na hapo mafuta ndiyo shida yako ndogo. Ikiwa nyeupe, injini inakosa mafuta na inachemka. Kuna mafundi ambao ukilalamika chombo hakina nguvu wanafungua kabureta tu, kinakimbia siku hiyo, na wiki nzima unalia sheli. Mwambie fundi akuonyeshe plagi kabla na baada.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likisimama upesi, breki inashika au cheni imekazwa mno. Unaendesha siku nzima huku umekanyaga breki.

Kwa gari dogo, taa ya injini ikiwaka usiizibe kwa selotepu. Sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kukuongezea mafuta kila siku kuliko bei yake. Na kwenye foleni ndefu ya taa, zima. Mwendo wa wastani, kuacha pedali mapema ukiona taa nyekundu mbele badala ya kukimbilia kufunga breki, hayo ndiyo yanayobaki, na yanasaidia zaidi mjini kuliko safarini.

Nahisi napunjwa sheli. Nitajuaje?

Simama upande unaoiona pampu. Usilipe huku unaongea na simu. Kabla bomba halijaingia kwenye tanki, namba ziwe sifuri: mwambie mhudumu kwa heshima, "Dada, naomba tuanzie sifuri." Kisha angalia lita, si hela tu. Hela itafika elfu kumi kila mara. Kwa bei ya 3,200, elfu kumi ni lita 3.125, na elfu tano ni lita moja na nusu na kidogo. Ziweke kichwani namba za kiasi unachoweka kila siku, ukizikosa kwenye pampu utashtuka hapohapo.

Dai risiti. Inapaswa kuonyesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita. Bila risiti huna malalamiko. Pampu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekwa lakiri. Mashaka ya kipimo peleka kwao. Kuuziwa juu ya bei kikomo, peleka EWURA.

Mafuta ya chupa barabarani je?

Kijijini ambako sheli iko mbali, huna namna. Mjini achana nayo. Chupa haijulikani ina kiasi gani, na petroli iliyochanganywa mafuta ya taa inaharibu plagi na valvu. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba bajeti ya 2011/12 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei iliyokuwa ikiwavutia wachakachuaji iondoke. Ulipungua, na bado hukutana nao.

Lori la mafuta likianguka, watu wanachota. Kuna ubaya?

Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu mia moja walikufa kwa moto wakichota namna hiyo, wengi vijana, wengi wakiwa wa bodaboda. Ukiona lori limeanguka, geuza chombo na uwazuie wengine.

Kuhamia gesi kunalipa?

Kwa anayefanya kazi Dar na kutembea kilomita nyingi, ndiyo, kunalipa vizuri. Gesi asilia inatoka Songo Songo, Kilwa, tangu 2004, na Mtwara kwa bomba lililokamilika 2015. Haipiti Hormuz, mlango wa bahari wa mafuta ya Ghuba, wala haisubiri meli. Imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja hufanya kazi ya petroli ya lita moja na nusu kasoro kidogo.

Rudi kwenye bajaji yetu ya lita 4.8. Kwa gesi inahitaji kama kilo tatu na nusu, karibu shilingi 5,300. Ukilinganisha na petroli ya 3,200 unaokoa kama elfu kumi kwa siku. Hata kama mfumo ungekugharimu milioni moja na nusu, kwa siku 26 za kazi kwa mwezi hela imerudi ndani ya miezi sita. Kwa gari dogo gharama ya kufunga mara nyingi iko kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, kutegemea mtungi.

Sasa yale ambayo muuzaji hasemi. Vituo ni vichache na foleni ya gesi ni ndefu. Saa mbili za foleni ni safari ulizokosa, zihesabu. Wengi hujaza usiku wa manane. Nje ya Dar vituo bado ni haba, kwa hiyo usifunge ukiwa na mpango wa kuhamia Singida. Mtungi unakula buti, na teksi ya uwanja wa ndege inahitaji buti. Na kama chombo si chako, mkubaliane kwanza nani analipa na nani anafaidi: nimeona dereva amefunga gesi kwa hela yake, mwezi uliofuata tajiri akapandisha hesabu.

Jambo moja naomba lisikike. Gesi ya magari hukaa kwenye mtungi kwa mgandamizo wa bar 200. Mtungi wa kupikia haukutengenezwa kwa hilo, na gesi yake ni nyingine kabisa. Fundi wa mtaani akikwambia anaweza kukufungia mtungi wa jikoni kwenye bajaji, ondoka. Nenda karakana zinazotambulika, kama ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, udai cheti cha mtungi na tarehe ya ukaguzi unaofuata.

Na pikipiki za umeme?

Kigali wameamua: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa mjini ni za umeme tu. Nairobi nako zimeenea, na kinachowafanya waziamini ni vituo vya kubadilisha betri: unafika, unatoa iliyoisha, unapewa iliyojaa, unaondoka. Kwa hiyo ukiletewa ofa hapa kwetu, usiulize kwanza mwendo kasi. Uliza betri inabadilishwa wapi, saa ngapi wanafunga, na betri ikichoka ni ya nani.

Mtaji wa mafuta umekatika. Nikope?

Usiguse kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya. Ukikopa elfu hamsini za mafuta na riba ya kila wiki, kesho unaendesha kwa ajili ya tajiri, sheli na mkopeshaji, na wewe ni wa nne kwenye foleni. Kijiwe chenye watu kumi kinaweza kuwa na mfuko wa mafuta: kila mtu buku kwa siku, anayekatikiwa anachukua ya lita tatu, anarudisha jioni ileile bila riba. Mweka hazina awe mmoja, daftari likae wazi, na asiyerudisha kwa siku mbili asichukue tena mpaka alipe. Kama kijiwe chenu hakina, anza na wale watatu unaowaamini.